Sura ya Tisa: Madoa Mawili Meupe

Karatasi ilikwaruza sakafuni. Kwaruu, kimya, kisha kwaruu tena, kama mtu anasukuma kitu chini ya mlango nacho kimekwama kwenye zulia. Nje kulikuwa bado giza, na taa ya korido ilikuwa imeungua tangu juzi. Nilikuwa macho, maana binti yangu Kidoti akilala huwa ananitupia mguu tumboni kana kwamba mimi ni godoro la ziada. Nikatega sikio. Hatua zikashuka ngazi polepole, moja moja, za mtu aliyevua viatu makusudi akavishika mkononi.

Nikajua ni nani. Mtu ukimpenda unamtambua hata kwa anavyoondoka.

Nikautoa mguu wa mtoto, nikanyata hadi mlangoni, nikawasha ile taa ndogo ya cherehani ili nisimwamshe Kidoti wala mama yangu aliyelala chumba cha pili. Mwandiko wa Fundi Saa ni mdogo na umenyooka, kama anaandika ndani ya mfuniko wa saa. Siku hiyo ulikuwa umepinda.

"Mama Kidoti, picha nimeziangalia. Ni kama tulivyoogopa. Naondoka na basi la saa nne, naenda kwa kaka yangu. Usinifuate. Umeshalea mtoto peke yako, hustahili kulea na mtu mzima. Nisamehe kwa yote niliyokuahidi."

Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu herufi zikaanza kuogelea, na mimi sikuwa na ugonjwa wowote wa macho.

Wiki saba tulikuwa tumeishi kwa kusubiri. Yote yalianza na uzi. Nilikuwa nashona sare za kwaya, nyekundu tupu, uzi ukaniishia. Kibanda cha Fundi Saa kinatazamana na duka la vifaa vya ushonaji, kwa hiyo nikampa kipande cha kitambaa, nikamwomba aninunulie uzi wa rangi ileile akija jioni. Akaja na uzi wa rangi ya tofali. Nikacheka, nikamwambia mapenzi yamempofusha. Yeye hakucheka. Alifumba jicho la kushoto akakitazama kitambaa, akafumba la kulia akakitazama tena.

"La kulia linasema tofali," akaniambia. "La kushoto linasema nyekundu. Sasa mwongo ni nani?"

La kulia ndilo jicho lake la kazi, lile analobania lenzi ya kifundi kutwa nzima. Kesho yake likaanza kuuma kila akiligeuza. Daktari wa macho akasema mshipa wa fahamu wa jicho umevimba, Fundi akalazwa siku tatu kwa dripu. Kuona kukamrudia kidogo kidogo, rangi nazo zikarudi. Lakini tukaambiwa aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, apigwe picha za MRI za kichwa na mgongo, kwa sababu uvimbe wa namna ile mara nyingine huwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wanaouita MS. Tulielezwa kwamba kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe, inachubua utando unaofunika mishipa ya fahamu, na miaka ikienda mtu anaweza kuishiwa nguvu za miguu, za mikono, au asione vizuri. Kwenye picha, wakasema, huonekana kama madoa meupe.

Hayo maneno mawili, madoa meupe, ndiyo aliyorudi nayo nyumbani, na nadhani alilala nayo kitanda kimoja.

"Nani huyo alfajiri yote hii?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, kichwa kimefungwa kitambaa cha kulalia. Nikamsomea barua. Alipoisikia hakushtuka, akaangalia vidole vya miguu yake.

"Basi ameamua kiume," akasema.

"Ameamua kiume au ameamua kukimbia?"

"Mwanangu, mimi nilikwambia tangu mwanzo. Baba yake Kidoti alikuwa mzima, hata kukohoa hakohoi, na bado akakuacha. Huyu ana roho nzuri, sikatai. Lakini roho nzuri haimpeleki mgonjwa bafuni. Atakayempeleka ni wewe."

"Nitampeleka."

"Unasema hivyo kwa sababu una miaka ishirini na saba na mgongo haujakuuma."

Nilivaa gauni la kwanza lililonijia mkononi, nikafunga nywele. "Saa tatu ana miadi na daktari. Niangalizie Kidoti."

"Na sare za watu?"

"Watu watangoja. Hata mimi nimengoja."

Nilimkuta kibandani anafunga vifaa vyake. Bisibisi ndogo ndogo alizipanga kwenye kitambaa kwa ukubwa, ya kwanza hadi ya mwisho, ndivyo alivyo, hata akitoroka lazima apange. Saa za wateja zilikuwa kwenye sanduku, kila moja na kikaratasi chake. Aliponiona akashusha macho, akaendelea kukunja.

"Nilikwambia usinifuate."

"Hukuniambia, uliniandikia. Ungekuwa umeniambia ungeniambia huku unanitazama."

Akanitazama. Lo, ningejua nisingemwambia. Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba, na bado yalikuwa macho yale yale yaliyonitazama mwaka jana nilipomletea saa ya marehemu baba, akaniambia, saa yako nzima dada, imechoka tu, iache hapa ipumzike, na wewe ukipata muda pita upumzike.

"Mama Kidoti, tafadhali. Usinifanye niwe mgumu zaidi ya hapa, sitaweza."

"Sitaki uwe mgumu. Nataka uniambie nani alikupa ruhusa ya kuniamulia."

Akachukua bisibisi moja, akairudisha palepale.

"Fundi, nimekuuliza."

"Mama yako alikuja hapa," akasema taratibu. "Jumatatu. Aliketi hapo hapo ulipo. Hakunitukana hata kidogo, na bora angenitukana. Aliniomba. Akaniambia, mwanangu, picha zikiwa mbaya usimwachie binti yangu aamue, maana yeye hajui kuacha. Amua wewe."

Nikashika ukingo wa meza yake. "Na mimi nilikuwa wapi mlipokuwa mnanigawana?"

"Ulikwenda kupimisha sare."

"Sawa. Sasa nimerudi. Hizo picha ziko wapi?"

"Za nini? Huzijui."

"Na wewe unazijua? Tangu lini? Toa."

Alivuta bahasha kubwa ya kahawia kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na picha mbili pana nyeusi, zile za plastiki za kutazamia kwenye mwanga, na bahasha ndogo nyeupe iliyofungwa kwa gundi, imeandikwa kwa daktari.

"Hii mbona hujaifungua? Si ndiyo yenye maelezo?"

"Imefungwa. Kitu cha mtu kikifungwa mimi sikifungui."

"Wewe! Unayeshinda unafungua saa za watu!"

"Nafungua kwa ruhusa," akasema, na kwa nusu sekunde tukakaribia kucheka, kisha akakumbuka anaondoka.

Akawasha taa ya kazi, akabana picha mbele yake. Picha moja ilikuwa na vichwa vidogo vidogo kama ishirini, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vyote vikiwa vimekatwa kama mtu anavyokata kitunguu. Akanipa lenzi yake. "Tazama hapa chini. Na hapa. Madoa mawili, meupe pee. Yako hapa, yapo na kwenye hii, na hii. Yako kisogoni. Nimeyatazama mpaka saa kumi alfajiri."

Niliyaona. Mimi elimu yangu ni ya masomo ya jioni, na kwenye mwili wa binadamu tulifika moyoni mwalimu akahama, kwa hiyo ubongo siujui. Lakini kitambaa nimekikata miaka kumi. Nikatazama tena. Nikasogeza lenzi kushoto, nikaisogeza kulia.

"Yanalingana," nikasema.

"Nini?"

"Haya madoa. La huku na la huku. Umbali kutoka katikati ni uleule. Ukubwa uleule. Hii ni kola, Fundi. Imekatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa."

"Sasa?"

"Sasa ugonjwa gani unachukua vipimo? Doa la mafuta likiangukia nguo haliangukii mabega yote mawili sawasawa. Linaangukia linapotaka."

Akaichukua lenzi, akayatazama upya.

"Mimi sijui ni nini," nikaendelea, "na wewe hujui. Aliyesomea yupo, anatungoja saa tatu. Twende. Kama ni mabaya, mabasi ya saa nne yapo kila siku, na nitakubebea begi mwenyewe mpaka kituoni."

"Utanibebea kweli?"

"Nitakubebea, halafu nitapanda na mimi."

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Alitukaribisha viti, akapasua bahasha nyeupe, akaanza kusoma huku midomo ikicheza. Fundi Saa hakuweza kungoja.

"Daktari, usinifiche. Nimeshayaona mwenyewe."

"Umeona nini?"

Akainuka, akaichukua picha, akaibandika kwenye ubao wa mwanga ukutani, akamwonyesha kwa kidole. Daktari akavaa miwani. Akaitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama picha.

"Wewe kazi yako ni nini?"

"Natengeneza saa."

"Na saa mnazifungulia wapi?"

"Kwa nyuma, Daktari. Mfuniko uko nyuma."

"Nilidhani hivyo." Akaichomoa picha, akaigeuza chini juu, akaibandika upya. "Haya. Sasa huyu ni wewe, uso wako uko juu huku. Pua hii hapa. Niambie, hayo madoa yako yako wapi?"

Nilisikia kiyoyozi kikikoroma dirishani.

"Yako… kila upande wa pua," akasema Fundi Saa.

"Enhe. Na kila upande wa pua binadamu huwa ana nini?"

Aliinua mkono wake polepole akajigusa usoni, jicho la kulia, jicho la kushoto, kama mtu anayekagua kama hajaibiwa.

"Ni macho yangu," akasema.

"Ni macho yako. Yana majimaji ndani, na kwenye picha za aina hii maji hutoka meupe. Hata huu weupe wa katikati ni maji ya ubongo, kila mtu anayo, mimi ninayo, mwenzako anayo. Kwani maandishi hukuona yako kichwa chini?"

"Niliona. Nilidhani ndio mtindo wa hospitali."

Daktari alicheka mpaka miwani ikamwanguka kifuani. Na mimi nikacheka, lakini kicheko changu kilikuja kimechanganyika, nikajikuta nafuta mashavu kwa mkoba.

"Naomba tusikilizane sasa," Daktari akasema, akivuta kiti karibu. "Picha zako za ubongo ni safi. Za mgongo ni safi. Hilo lina maana kubwa, nawe nataka ulielewe vizuri, usilipunguze na usiliongeze. Mshipa wa jicho ukivimba hivi, mara nyingine ni MS inabisha hodi. Mara nyingine ni tukio la peke yake, linakuja, linapita, basi. Tunapiga picha ili tujue tuelekee upande gani. Aliye na madoa kwenye ubongo, uwezekano wa kuupata huo ugonjwa baadaye ni mkubwa. Asiye na hata moja, kama wewe, uwezekano unashuka sana. Watu wa namna yako walishafuatiliwa kwa miaka kumi na mitano. Katika kila wanne, watatu hawakuupata."

"Na yule mmoja?" akauliza.

"Aliupata. Sitakudanganya. Picha safi siyo cheti cha maisha. Lakini siku hizi kuna dawa za kuupunguza kasi, na ukionekana mapema unashikwa mapema. Utarudi kwangu baada ya miezi sita. Kabla ya hapo, ukiona ganzi inakaa zaidi ya siku nzima, au unaona vitu viwili viwili, au mguu unakosa nguvu, au jicho linarudia, usikae nyumbani kujitazama kwa lenzi. Njoo."

"Kazi nifanye?"

"Fanya. Kula, lala, fanya mazoezi, kama unavuta sigara acha. Na kuoa, kama ndilo swali ulilobana mdomoni tangu ulipoingia, hakuna ninachokuzuia."

Mimi nikatazama dari.

Tulipotoka, Fundi Saa alifika benchi la kwanza la koridoni akakaa kama mzigo ulioshushwa. Nesi mmoja aliyekuwa anapita akapunguza mwendo, akaona tabasamu, akaendelea. Nilikaa kando yake. Bega lake lilikuwa linatikisika, sikujua ni kicheko au ni kilio, na nadhani naye hakujua.

"Usiku mzima," akasema. "Usiku mzima nimekaa nayaomboleza macho yangu mwenyewe, huku ndiyo ninayotazamia!"

"Nitalisimulia hili mpaka wajukuu."

"Simulia." Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akapapasa zile alama za sindano kwenye ncha ya kidole changu cha shahada, moja moja, jinsi anavyopapasa gurudumu la saa kutafuta jino lililokatika. Alipofika ya mwisho akaacha. "Lakini umemsikia. Mmoja kati ya wanne. Kama nikawa ndiye?"

"Utakuwa ndiye, mwenye mke."

"Usinijibu haraka hivyo."

"Haraka? Nimekaa na jibu hili wiki saba, Fundi, nimelala nalo, nimelishonea pindo. Ulikuwa hujaniuliza tu."

Akanitazama kwa muda mrefu, kwa macho yote mawili. Watu walipita na faili zao. Sijui walituona vipi na sikujali.

Mama tulimkuta mezani sebuleni, sare nyekundu zimejaa mapajani, anakata nyuzi zilizobaki kwenye pindo. Sikumwomba. Kidoti alikuwa chini ya meza na kopo la vifungo, akamwona mgeni, akapiga kelele, "Anko Tiki!" akamrukia. Ndivyo anavyomwita tangu alipobandika sikio kwenye meza yake ya kazi akasikia tiki tiki za saa.

"Shikamoo, Mama," Fundi Saa akasema. Alibaki amesimama, mtoto mkononi.

"Marahaba." Mama hakuinua macho. "Nilidhani uko safarini."

"Picha ziko safi, Mama," nikasema mimi. "Hakuna doa. Alizitazama kichwa chini."

Mkasi ukasimama. Niliuona uso wa Mama unalegea, kope zikashuka, pumzi ndefu ikamtoka puani, nikajua na yeye alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatatu. "Alhamdu… jamani. Kwa hiyo umepona."

Ilikuwa rahisi tu kusema ndiyo. Neno moja na mambo yangekwisha, na mimi nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimsemee.

"Hapana, Mama," Fundi Saa akasema. "Sitaki nikudanganye. Daktari hajasema nimepona kabisa. Amesema watu kama mimi, katika wanne, watatu hawaupati. Mmoja huupata. Na hajui mimi ni yupi. Nitakuwa naangaliwa."

Mama akamtazama sasa. Akamtazama kuanzia viatu mpaka paji la uso.

"Ungeniambia umepona nisingejua."

"Ningejua mimi. Na wewe ungenipa binti yako kwa kitu ambacho sicho."

"Mama," nikasema, na sauti yangu ikawa nzito kuliko nilivyokusudia, "Jumatatu ulikwenda kumwomba aniache. Nimejua. Sikugombezi, najua ulikuwa unanikinga. Lakini leo kama bado unaomba hilo, liombe mbele yangu."

Mama aliziweka sare mezani, akazinyoosha kwa kiganja, ya kwanza, ya pili. Akainuka kwa kujisukuma magotini.

"Kidoti, shuka hapo. Njoo unisaidie."

Mtoto akashuka, akamfuata jikoni. Mlango ukarudishwa. Tukabaki wawili, tumesimama kama wateja waliokuja nguo haijawa tayari. Huko ndani maji yalifunguliwa, yakafungwa. Mfuniko wa sufuria ukagonga. Mama alikuwa anaongea chini chini, na Kidoti anauliza kitu, na Mama anamjibu, lakini maneno hayakutufikia. Fundi Saa aliutafuta mkono wangu, akaubana.

"Niende?" akaninong'oneza.

"Thubutu."

Mlango ukafunguka. Kidoti akatoka mbio, mikono inadondosha maji, akasimama katikati ya chumba akamkazia macho Anko Tiki wake kwa uzito wa mtu aliyetumwa kazi kubwa.

"Bibi anauliza kama unakula pilipili."